Nimekatika vidole kwenye mashine ya kiwanda cha samaki Mwanza, naambiwa kibarua hana fidia. Naombeni mwongozo

#1 Mkata Minofu (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Naandika kwa dole gumba la mkono wa kushoto, nimeanza saa mbili na sasa inakaribia saa nne, kwa hiyo nivumilieni.

Mimi ni mkazi wa Igogo. Nimefanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara miaka mitatu na miezi miwili, kama kibarua. Kwetu kibarua maana yake hakuna mkataba wa maandishi. Unafika getini saa kumi na moja alfajiri, mlinzi anakuandika kwenye daftari, ukipata zamu unaingia, Jumamosi unalipwa kwenye simu, elfu kumi kwa siku. Ila mimi sikuwa wa kubahatisha. Miaka yote hiyo siku nilizokosa zamu zinahesabika, nyingi ni za ile miezi samaki wanapoadimika.

Siku ya tukio waliniweka kwenye mashine ya kuchuna ngozi kwa sababu mwenye mashine yake alikuwa msibani Magu. Kazi yangu mimi ni kisu. Ile mashine ina rola yenye meno madogo. Unalaza mnofu ngozi ikiwa chini, rola inaivuta ngozi, wembe unapita katikati. Glovu zangu za mpira zilikuwa zimetoboka, nikavalia juu yake za kitambaa. Kitambaa kikanaswa na meno ya rola. Sikusikia maumivu mwanzoni, nilisikia tu mkono unavutwa kama mtu kanisalimia kwa nguvu halafu hataki kuniachia. Aliyezima mashine ni dada mmoja wa mezani kwa mizani. Kidole cha shahada kimeondoka chote, cha kati kimebaki pingili moja, cha pete kipo lakini hakikunjiki. Mkono wa kulia.

Msimamizi alinipeleka hospitali kwa gari la kiwanda akalipia siku ya kwanza. Nililazwa siku tisa. Baada ya hapo kimya. Siku ya 17 tangu niumie nikaenda kiwandani na bandeji yangu. Afisa utumishi akanitolea bahasha ya laki mbili na karatasi nisaini kwamba nimepokea "msaada wa kibinadamu" na sina dai lolote. Nikaomba niende nayo nyumbani nikaisome. Akasema inasainiwa hapohapo, na kama sitaki nisirudi tena mpaka nitakapoitwa. Nikamwambia mimi nataka fidia. Akajibu kibarua hana fidia.

Sijasaini. Leo ni siku ya 24 tangu aniambie hivyo. Mke wangu ndiye anayeamka usiku kwenda Mwaloni kuchukua dagaa na kuzitembeza. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita. Naomba mwenye kujua aniambie: ni kweli sina haki? Na mwajiri akikataa kuandika kwamba niliumia kwake, naanzia wapi?

#2 Dada wa Mkuyuni

Pole sana kaka yangu. Nimesoma nikaishia kuangalia mikono yangu. Usisaini chochote mpaka wajuzi wafike humu.

#3 Jembe la Mzee

Pole mkuu. Nitasema ambalo wengine hawatalipenda. Chukua hizo laki mbili. Mimi nilidaiana na mwajiri wangu wa zamani kwenye machimbo mwaka mzima, nauli peke yake ilinimaliza, mwisho nikaacha. Mtoto anakula leo, hali haki ya mwakani. Wenye viwanda wana mawakili, wewe una bandeji.

#4 Mama wa Sahani

Jembe, mwanangu, nakuelewa ulikotoka, lakini laki mbili kwa vidole viwili vya mkono wa kulia? Mimi nauza chakula karibu na geti la kiwanda kimojawapo, vijana wa aina hiyo nimewaona wengi. Anasaini Ijumaa, Jumatatu ya pili anakuja kunikopa ugali. Mleta uzi, subiri. Ukikosa chakula nitumie ujumbe, Igogo si mbali.

#5 Katibu wa Tawi

Mleta uzi pole. Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi miaka kumi na moja, viwandani hapahapa Mwanza, kwa hiyo nitasema ninayoyafanya kila wiki.

Neno "kibarua" ni neno la getini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya 2008, inamlinda mfanyakazi, haiulizi kama mkataba wake una muhuri. Na kuna Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61. Kile kifungu nakipenda kuliko vyote. Kinasema mtu anahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata hali moja kati ya hizi: anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa za kazi, ni sehemu ya ile taasisi, amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kwa kipato, anapewa vifaa vya kazi, au hafanyi kazi kwa mwingine yeyote. Jiulize. Kisu ni cha nani? Gambuti na aproni ni za nani? Saa ya kuingia alipanga nani? Saa 45 kwa mwezi wewe ulikuwa unazimaliza kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, na nadhani hata huyo afisa utumishi hajalielewa vizuri. Anayelipa fidia si kiwanda. Ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Waajiri ndio wanaochangia kila mwezi kutokana na jumla ya mishahara wanayolipa. Sekta binafsi walianza na asilimia 1 mwaka 2015, sasa imeshuka hadi asilimia 0.5. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwa nini basi mwajiri afiche ajali wakati hatoi hela yake? Mara nyingi ni kwa sababu vibarua hawakuwekwa kwenye orodha ya michango. Akikiri umeumia kwake, ataulizwa mbona jina lako halimo. Hilo ni la kwake na Mfuko. Haki yako haipotei kwa sababu yeye hakuchangia.

Utaratibu uko hivi. Ukiumia unamjulisha mwajiri, naye anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7. Asipofanya hivyo nenda mwenyewe kwenye ofisi yao ya hapa Mwanza, huhitaji kibali cha mtu. Madai yanapaswa kufika ndani ya miezi 12 tangu ajali, kwa hiyo hapo una nafasi. Wakikubali, Mfuko unabeba gharama za matibabu, na kwa muda ambao huwezi kufanya kazi unalipwa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, mpaka miezi 24 ikibidi. Kwa elfu kumi kwa siku, siku 26 za mwezi, ni 260,000, na asilimia 70 yake ni 182,000 kila mwezi. Linganisha na bahasha. Ukishapona unapimwa ulemavu uliobaki. Ukiwa asilimia 30 au chini ya hapo unalipwa mkupuo mmoja, ukizidi 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi.

Lakini mdogo wangu, kuna saa nyingine inakimbia. Hilo la "usirudi mpaka uitwe" usilichukulie kama likizo. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Umesema leo ni siku ya 24. Hesabu kwamba umeachishwa siku ile ile aliyokutamkia, maana wao ndivyo watakavyohesabu wakiona inawafaa. Kesho asubuhi nenda CMA, omba fomu namba 1, haina malipo. Umefanya zaidi ya miezi 6, kwa hiyo sehemu hiyo ya sheria inakuhusu. Fidia ni njia yake, kazi ni njia yake. Usisubiri moja iishe ndipo uanze nyingine.

#6 Mkata Minofu

Katibu, nimesoma mara tatu, mke wangu akanisomea mara ya nne. Kesho naenda CMA. Swali: nina nini cha kuonyesha? Daftari la getini ni lao. Kitambulisho cha kuingilia walikichukua siku ile nilipokwenda na bandeji.

#7 Katibu wa Tawi

Mali bila daftari huisha bila habari, lakini daftari si lao peke yao. Meseji za malipo ya kila Jumamosi zipo kwenye simu? Usifute hata moja. Nenda kwa wakala au ofisi ya mtandao wako uombe taarifa ya miamala iliyochapishwa. Mtu anayepokea 60,000 kila Jumamosi kutoka namba ileile kwa miaka mitatu, huyo ana mwajiri. Pili, dada aliyezima mashine. Tatu, hospitali.

#8 Nesi wa Zamu ya Usiku

Naongezea hapo kwa Katibu. Kaka, umeshaona faili lako la siku ya kwanza? Namaanisha kile kinachoandikwa mapokezi na chumba cha dharura sehemu ya chanzo cha jeraha, si karatasi ya kuruhusiwa. Omba nakala. Kuna maneno mawili matatu pale ambayo huamua kila kitu, na mara nyingi mgonjwa hakuyasema yeye. Aliyasema aliyemleta.

#9 Mkata Minofu

Nimetoka hospitali sasa hivi, nimekaa kwenye ngazi za nje. Nesi, ulijuaje?

Imeandikwa: "amejikata kwa panga akiwa shambani."

Mimi sina shamba. Mimi sijashika panga tangu nitoke kijijini. Siku ile nilikuwa naona ukungu, msimamizi ndiye aliyesimama dirishani akiongea na mwandikishaji. Alinishika bega akaniambia usijali ndugu yangu, nashughulikia kila kitu. Nilimshukuru wakuu. Nilimshukuru mbele za watu.

CMA nimeshapeleka fomu, wamepokea, nakala nimewapelekea kiwandani na mlinzi amesaini kitabu cha kupokelea. Hiyo ni siku ya 25. Lakini hili la panga limenivunja miguu.

#10 Dada wa Mkuyuni

Mungu wangu.

#11 Nesi wa Zamu ya Usiku

Kaa hapohapo kwenye ngazi, usiende nyumbani bado. Nikueleze kitu cha kazini kwetu.

Panga linakata. Kidonda cha panga kina kingo zilizonyooka, mfupa umekatika sehemu moja, ngozi ya jirani iko salama. Rola haikati hivyo. Rola inavuta na kusaga. Ngozi inavuka kama soksi, mishipa inachomolewa, mfupa unapondeka vipande, na kidole cha jirani kinaumia kwa kuvutwa bila kukatwa. Umesema kidole chako cha pete kipo ila hakikunjiki. Panga la shamba halifanyi hivyo kwa kidole ambacho halikukigusa.

Daktari aliyekupasua aliandika alichokiona, na aliandika akiwa amesimama juu ya mkono wako, hakumsikiliza msimamizi. Rudi ndani uombe nakala ya ripoti ya upasuaji. Omba na picha za eksirei. Halafu muone yule daktari, mwambie ukweli kwa utulivu, muombe aandike maelezo ya nyongeza kuhusu aina ya jeraha na kinachoweza kulisababisha. Usimwambie afute ya panga. Faili halifutwi, linaongezewa maelezo yenye tarehe na saini. Mtu akikushauri karatasi ibadilishwe, mkimbie, hapo ndipo dai la kweli linapogeuka la kughushi.

#12 Mkata Minofu

Nimeipata. Ripoti ya upasuaji imeandikwa kwa Kiingereza, kijana wa maktaba ya hospitali akanitafsiria: jeraha la kupondwa na kuvuliwa ngozi, vipande vya kitambaa cheupe vimeondolewa ndani ya kidonda.

Kitambaa cheupe. Ni ile glovu.

#13 Mama wa Sahani

Nimelia hapa jikoni, wateja wananiuliza kuna nini.

#14 Nahodha wa Visiwani

Wakuu nimefuatilia uzi huu kimya. Samahani kama naingilia, nina la kwangu.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa upande wa Ukerewe, kwenye mtumbwi wa tajiri mmoja. Usiku wa giza mnatoka na taa, dagaa wanakusanyika chini ya mwanga, nyavu zinazungushwa. Alfajiri wakirudi, wavu ukanasa kwenye propela, yeye akaingia majini kuunasua, mwenzake akadhani ameshatoka akawasha injini. Mguu wa kushoto, kuanzia kifundo. Walimpakia kwenye mtumbwi uleule mpaka Nansio.

Malipo yao ni mgao. Mkishauza, inatolewa mafuta, inatolewa ya tajiri, kinachobaki mnagawana. Tajiri alimletea elfu hamsini na debe la dagaa, akaongea vizuri, akaondoka. Nilikwenda BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo ule, kuuliza. Kitabu kina namba ya mtumbwi, jina la mwenye mtumbwi na aina ya injini. Majina ya waliokuwamo hayamo. Yaani injini imeandikwa, mdogo wangu hajaandikwa. Ni mwaka wa tatu huu, anashona nyavu za watu mwaloni akiwa amekaa. Huyo naye ni mfanyakazi au siye?

#15 Katibu wa Tawi

Nahodha, pole kwa mdogo wako. Nitakuwa mkweli. Mgao unaleta ubishani, mwenye chombo atasema hawa ni wabia wangu, tunagawana hasara na faida. Lakini rudi kwenye kifungu cha 61 nilichotaja juu. Mtumbwi wa nani? Nyavu, taa na injini vya nani? Nani anasema leo tunatoka au hatutoki? Hiyo ni hoja ya kusimama nayo. Tatizo la mdogo wako ni miaka mitatu imepita na muda wa madai ni miezi 12. Nenda ofisini ukaulize ana kwa ana kabla ya kukata tamaa, ila sitaki nikupe tumaini nisilokuwa nalo.

Kwa upande mwingine, halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mshona nyavu anayemiliki nyuzi zake ni tofauti na mshona nyavu anayelipwa kwa tundu. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata.

#16 Nahodha wa Visiwani

Nimekuelewa kaka. Asante kwa kutonidanganya.

#17 Boda Nyegezi

Na sisi bodaboda?

#18 Katibu wa Tawi

Ukiwa umejiajiri, WCF haikuhusu, maana huna mwajiri anayekuchangia. Jiunge NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, wanapokea waliojiajiri, na kwao lipo fao la ulemavu ambalo haliulizi kama uliumia kazini au njiani, bali michango yako na majibu ya madaktari. Ukigongwa na gari, dai lako liko kwenye bima ya lile gari, kwa hiyo usikubali kuyamaliza barabarani bila polisi. Mengine anzisha uzi wako tusimchanganye mleta uzi.

#19 Mkata Minofu

Wiki ya saba tangu nianzishe uzi. Samahani kwa kimya, nilikuwa nahangaika na jina.

Kwenye kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, nina majina matatu. Kwenye daftari la getini nimeandikwa Fundi. Tu, Fundi, miaka mitatu. Siku ya kwanza mlinzi aliniuliza jina, msimamizi akasema huyu ni fundi wa kisu, ikaandikwa hivyo. Mimi nilifurahi, niliona ni heshima. Sasa ofisi ya Mfuko wananiuliza kwa upole, huyu Fundi ni wewe tutajuaje? Nimekula kiapo mbele ya wakili kwamba Fundi ni mimi, na namba ya simu inayolipwa Jumamosi imesajiliwa kwa jina langu la NIDA. Vikakutana hapo.

Dada wa mizani amekubali kutoa maelezo. Sikumuomba mara mbili. Alisema, nilizima mashine kwa mkono wangu, nitakanaje? Naye ni kibarua, ana watoto watatu, na anajua anachoweza kupoteza. Naomba mumuombee.

Afisa wa Mfuko alikwenda kiwandani, akaikagua mashine, akaongea na watu. Siku tatu baadaye kiwanda kikapeleka taarifa ya ajali, wiki nyingi zikiwa zimeshapita. Katika ile taarifa sehemu ya chanzo hakuna panga.

#20 Jembe la Mzee

Mleta uzi, nilikushauri vibaya mwanzoni. Naondoa kauli yangu. Kama nauli ya kwenda ofisini inakusumbua nitumie namba kwa ujumbe wa faragha.

#21 Mkata Minofu

Kaka Jembe, hukunishauri vibaya, ulinishauri kutoka kwenye kidonda chako. Nauli nimeipokea jana, ubarikiwe.

Dai limekubaliwa wakuu. Wamenilipa ile asilimia 70 ya miezi yote iliyopita kwa pamoja, na risiti zangu za dawa na kufunga kidonda zimerudishwa. Zile nilizozitupa zimepotea hivyo. Nilitupa nyingi.

CMA sitaki kuandika marefu. Usuluhishi wa kwanza ulishindikana, kabla ya kusikilizwa wakaomba tukae. Wamenilipa notisi, likizo za miaka mitatu ambazo sikuwahi kwenda, na cheti cha utumishi chenye majina yangu matatu. Walinipa na nafasi ya kurudi kwenye mizani. Nilikwenda siku moja. Mashine ilipowashwa upande wa pili wa ukuta nikajikuta nimesimama nje getini, sijui nilifikaje. Sitarudi.

#22 Nesi wa Zamu ya Usiku

Hilo la mwisho ni jeraha pia, kaka. Mwambie daktari wako kama lilivyo, usilifiche kwa sababu halionekani kwenye eksirei. Umeshapimwa ulemavu?

#23 Mkata Minofu

Nilipimwa mara mbili. Mara ya kwanza daktari aliutazama mkono, akaubonyeza, akasema bado. Kidonda kimefunga lakini kiungo hakijatulia, endelea na mazoezi, rudi baada ya miezi mitatu. Nilitaka kubisha, nikijua hela iko pale. Akaniambia nikikupima leo nitapima uvimbe.

Mara ya pili ilichukua karibu saa nzima. Alinipa shati nifunge vifungo. Alinipa ufunguo nizungushe. Akamwaga sarafu mezani, za mia na za mia mbili, akasema ziokote moja moja kwa mkono wa kulia. Ya kwanza niliikosa mara nne. Nikagundua naweza kuiburuta mpaka ukingoni mwa meza ikadondokea kwenye kiganja. Akaandika na hilo. Kila pembe ya kidole cha pete aliipima kwa kifaa kama kile cha hesabu cha wanafunzi, mwanangu anacho kwenye mkebe wake.

Nimepewa asilimia 19. Ni chini ya 30, kwa hiyo ni mkupuo mmoja. Kiasi sitakiandika humu. Nitasema tu kwamba mke wangu sasa hatembezi dagaa kichwani. Ana meza na mizani, anauza kwa jumla kwa akina mama wanaotoka Sengerema. Wanavuka Daraja la Kigongo–Busisi asubuhi, saa sita wamesharudi kwao. Mimi naandika hesabu kwa mkono wa kushoto. Mwandiko wangu umeanza kusomeka.

#24 Mama wa Sahani

Na dada wa mizani?

#25 Mkata Minofu

Bado yupo kazini, mama. Tangu ukaguzi ule vibarua wote wameandikishwa kwa majina ya NIDA. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

#26 Mgeni Ilemela

Samahani wakuu kuingia ghafla, nimetafuta mtandaoni nikauona uzi huu. Mdogo wangu ameangukiwa na kreti kwenye chumba cha baridi kiwandani jioni hii, mguu unaonekana umevunjika. Tuko hospitali mapokezi. Amekuja na msimamizi wake, ndiye anayetoa maelezo dirishani sasa hivi. Tufanye nini kwanza?

#27 Mkata Minofu

Niko hapa. Acha kuandika, nenda dirishani sasa hivi usimame karibu na msimamizi. Muombe mwandikishaji akusomee alichoandika kwenye chanzo cha jeraha. Mdogo wako kama anaweza kuongea, aseme mwenyewe: kiwandani, chumba cha baridi, kreti, saa ngapi. Ukishasikia hayo yanasomwa, piga picha karatasi, ndipo urudi hapa.

#28 Mgeni Ilemela

Walikuwa wameandika ameteleza bafuni. Wanaandika upya.